Saratani na "kutu" ya mwilini: Je, vidonge vya vitamini ni kinga au ni mbolea?

Leo tuanze na jambo ambalo huenda limeshatokea nyumbani kwako au kwa jirani yako. Mama, au shangazi, amekwenda hospitali, amepimwa, na majibu yametoka kuwa ana saratani. Kabla hajaanza matibabu, nyumba imejaa watu waliokuja kumjulia hali. Huyu kaleta machungwa, yule kaleta uji wa mtama, na wa tatu, kwa nia njema kabisa, kaleta kopo la vidonge. Juu ya kopo pameandikwa kuwa vidonge hivyo husafisha sumu mwilini, hurudisha ujana na hupambana na saratani. Bei yake si ndogo, na pengine ndugu wamechangishana.

Swali ni hili: je, mgonjwa huyo avimeze vidonge hivyo au asivimeze?

Wengi wetu tungejibu haraka kwamba vitamini haiwezi kumdhuru mtu, na kama haitamsaidia basi haitampunguzia kitu. Lakini utafiti uliofanywa kwa zaidi ya miaka 30 katika nchi mbalimbali umeonesha kwamba jibu hilo si sahihi. Ili tuelewe sababu, ni lazima kwanza tufahamu kitu ambacho wataalamu wanakiita mkazo wa oksidi, na namna kinavyohusika na kuanza, kukua na kusambaa kwa saratani.

Kutu, samli iliyochacha na bilinganya iliyokatwa

Hewa ya oksijeni ndiyo inayotuweka hai, lakini ina tabia ya kula vitu taratibu. Msumari ukiachwa nje hushika kutu. Samli ikikaa wazi muda mrefu huchacha na kutoa harufu mbaya. Bilinganya ikikatwa na kuachwa kwenye sinia hugeuka rangi. Yote haya ni kazi ya oksijeni.

Ndani ya miili yetu nako kuna jambo linalofanana na hilo. Kila seli ina viwanda vidogo vinavyoitwa mitokondria, ambavyo huunguza chakula kwa msaada wa oksijeni ili tupate nguvu. Kama ilivyo kwa jiko lolote, cheche kidogo huruka nje. Cheche hizo ni aina za oksijeni kali, na baadhi yake huitwa radikali huru. Radikali huru ni molekuli iliyopungukiwa na elektroni moja, hivyo hukimbilia kumpora jirani yake, na jirani aliyeporwa naye hutafuta wa kumpora. Mlolongo huo huharibu mafuta, protini na hata vinasaba vya seli.

Fikra kwamba cheche hizi zinahusika na uzee na maradhi ilitolewa mwaka 1956 na daktari Mmarekani, Denham Harman. Mwaka 1969, wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich, wakagundua kuwa mwili una kimeng'enya maalumu cha kuzima aina moja ya cheche hizo. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kijerumani, Helmut Sies, akaeleza hali ya cheche kuzidi uwezo wa mwili wa kuzizima, na ndiyo hiyo inayoitwa mkazo wa oksidi.

Ushahidi wa walinzi hawa wa mwili unaweza kuuona mwenyewe. Ukienda zahanati na kidonda, huenda muuguzi akakimiminia dawa inayotoa povu jeupe. Dawa hiyo ni haidrojeni peroksaidi, na ni mojawapo ya aina za oksijeni kali ambazo mwili wako wenyewe huzitengeneza kila siku kwa kiasi kidogo. Povu lile ni kazi ya kimeng'enya kinachoitwa katalasi, kilichomo katika damu na nyama yako, kinachoivunja dawa ile kuwa maji na oksijeni. Kwa hiyo ulinzi dhidi ya oksijeni kali tumeumbwa nao, haukuanzia dukani. Vitamini C, vitamini E na rangi ya njano ya karoti iitwayo beta-karotini husaidia ulinzi huo, na kwa sababu hiyo huitwa antioksidanti, yaani vizuia oksidi.

Saratani inavyoanza

Katika kila seli moja, vinasaba hupigwa na oksijeni kali mara maelfu kwa siku. Sehemu kubwa ya madhara hayo hutengenezwa papo hapo na mafundi wa seli. Lakini pale ambapo mashambulizi ni mengi na ya muda mrefu, makosa hubaki. Herufi moja ya vinasaba husomwa vibaya, seli inapogawanyika kosa hurithiwa, na makosa yakiongezeka kwa miaka, seli inaweza kuanza kugawanyika bila kutii amri ya mwili. Huo ndio mwanzo wa saratani.

Mfano mzuri uko karibu nasi. Kichocho cha mkojo kinafahamika sana Unguja na Pemba, katika maeneo ya Ziwa Victoria na sehemu nyingi za pwani. Mayai ya kichocho hunasa katika ukuta wa kibofu cha mkojo. Askari wa mwili huyavamia na kuyarushia oksijeni kali kama silaha, lakini mayai hayaondoki kirahisi, na vita huendelea kwa miaka. Katika vita hiyo ndefu, ukuta wa kibofu nao huungua. Mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliweka kichocho hiki katika orodha ya mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na saratani yenyewe ni ya kibofu.

Mwaka huo huo waliingiza katika orodha hiyo bakteria wa tumbo aitwaye Helicobacter pylori. Huyu ndiye ambaye daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili kuthibitisha kuwa analeta uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu akikaa tumboni miaka mingi huleta uvimbe usioisha, vidonda vya tumbo, na kwa baadhi ya watu saratani ya tumbo. Katika yote mawili adui ni mdogo, lakini moto wa kupambana naye ndio unaoichoma nyumba.

Uvimbe unavyotumia moto huo

Ndugu msomaji, hadi hapa mambo yanaonekana rahisi: oksijeni kali ni mbaya, antioksidanti ni nzuri, basi tumeze antioksidanti nyingi. Hata wanasayansi wengi waliwaza hivyo. Lakini saratani ina ujanja wake.

Seli ya saratani hufanya kazi usiku na mchana, inakula sana na inagawanyika haraka. Kwa hiyo hutoa cheche nyingi kuliko seli ya kawaida. Kiasi cha wastani cha cheche hizo huifaa. Huwa ni kama amri ya kuiambia seli endelea kugawanyika. Husaidia kuita mishipa mipya ya damu ije kuulisha uvimbe. Pia huchochea vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta za nyama iliyo jirani, ili seli ipate njia ya kupenya. Kwa maana hiyo oksijeni kali husaidia uvimbe kukua na kuanza kuvamia.

Lakini moto unaopika wali ndio huo huo unaounguza nyumba. Cheche zikizidi kiasi fulani, seli ya saratani nayo hufa. Hivyo inalazimika kujiwekea ulinzi mkubwa kuliko wa jirani zake. Uvimbe mwingi huwasha kwa nguvu swichi ya seli iitwayo NRF2, ambayo huamuru vimeng'enya vya kuzima cheche vitengenezwe kwa wingi. Saratani basi hupenda moto, lakini huogopa kuungua. Jambo hili ndilo ufunguo wa makala yetu ya leo.

Safari ya hatari ndani ya damu

Wagonjwa wengi wanaofariki kwa saratani hawauawi na uvimbe wa kwanza, bali na saratani iliyosambaa kwenda kwenye ini, mapafu, mifupa au ubongo. Ili isambae, seli hujitenga na wenzake, huingia katika damu na kusafiri kwenda kiungo kingine. Safari hiyo ni ya hatari, na nyingi hufia njiani.

Mwaka 2015 watafiti wa Texas, wakiongozwa na Sean Morrison, walichapisha utafiti wao juu ya saratani ya ngozi aina ya melanoma. Walipandikiza seli za saratani ya binadamu katika panya na kuzifuatilia. Waligundua kuwa seli zikishaingia katika damu hukumbwa na mkazo mkubwa wa oksidi, na wengi wa wasafiri hao hufa kwa sababu hiyo. Chache zinazofaulu ni zile zinazobadilisha namna yake ya kutumia chakula ili kujitengenezea kinga zaidi. Kisha watafiti waliwapa panya dawa ya antioksidanti. Matokeo yake, saratani ilisambaa zaidi. Dawa iliyokusudiwa kulinda mwili ilimlinda msafiri asiyetakiwa.

Nchini Sweden, kundi la Martin Bergo lilikuwa limeona jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2014 walionesha kuwa panya wenye saratani ya mapafu waliopewa vitamini E, au dawa iitwayo asetilsisteini ambayo hutumika pia kulainisha makohozi, uvimbe wao ulikua haraka zaidi na walikufa mapema zaidi. Sababu ni kwamba cheche zilipopungua, mlinzi mkuu wa vinasaba aitwaye p53, ambaye kazi yake ni kuzizuia seli zenye kasoro, hakushtuka. Alilala kwa kuwa king'ora hakikulia. Mwaka 2015 kundi hilo lilionesha kuwa asetilsisteini iliongeza maradufu kusambaa kwa melanoma katika tezi za panya, ingawa uvimbe wa kwanza wenyewe haukuongezeka. Na mwaka 2019, makundi mawili, moja la Sweden na jingine la New York, yalieleza njia mojawapo inayowezesha saratani ya mapafu kusambaa pale cheche zinapopunguzwa.

Hao ni panya, na binadamu si panya. Lakini binadamu nao walishapimwa.

Majaribio kwa binadamu

Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa vitamini E, wengine beta-karotini, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza.

Marekani nako walikuwa na jaribio la watu 18,314, waliovuta au waliowahi kuvuta sigara, pamoja na wafanyakazi waliokuwa wakishughulika na madini ya asbesto. Walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwezi Januari 1996 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu waliokuwa wakimeza vidonge walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi.

Mwaka 2001 likaanza jaribio jingine kubwa la wanaume 35,533 kupima kama vitamini E na madini ya seleniamu yanazuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2008 waliacha kugawa vidonge kwa kuwa havikuonesha faida. Walipoendelea kuwafuatilia, mwaka 2011 ikabainika kuwa waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Kwa lugha nyepesi, katika kila wanaume 1,000 kwa muda wa miaka saba, waliougua walikuwa 76 badala ya 65.

Ni haki tuseme pia upande wa pili. Huko Linxian nchini China, watu wapatao 29,000 walioishi kwa lishe duni walipewa beta-karotini, vitamini E na seleniamu, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1993 yalionesha vifo vya saratani vilipungua kwa asilimia 13. Tofauti ni nini? Wale walikuwa na upungufu, na walipewa kiasi cha kawaida. Aliyepungukiwa akijaziwa hunufaika, lakini aliyetosheka akizidishiwa anaweza kudhurika, hasa kama tayari ana seli za saratani zilizojificha ambazo hakuna aliyeziona.

Tahadhari kwa mgonjwa aliye katika matibabu

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Tiba ya mionzi huua seli za saratani kwa kuzalisha radikali huru ndani yake. Baadhi ya dawa za tibakemikali nazo hufanya hivyo hivyo. Sasa fikiria mgonjwa anapigwa mionzi asubuhi ili seli ziungue, na jioni anameza vidonge vya kuzima moto. Nchini Canada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa katika tiba ya mionzi waliwekwa katika jaribio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionesha kuwa katika muda wa kumeza vitamini E, wagonjwa walipata saratani nyingine mpya kwa wingi zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Kwa hiyo, ndugu unayemhudumia mgonjwa, fanya yafuatayo:

1. Usimpe mgonjwa wa saratani vidonge, unga au dawa ya maji ya "kuondoa sumu" kabla daktari wake hajaviona. Mkienda kliniki, iwe Ocean Road, Bugando au kwingineko, bebeni makopo yenyewe, si majina tu.

2. Usione haya kutaja dawa za asili mnazotumia. Daktari hawezi kumlinda mgonjwa na kitu asichokijua.

3. Chakula hakina tatizo hili. Chungwa, papai, mchicha, kisamvu, karoti na nyanya kwa kiasi cha kawaida cha mlo havifanani na kidonge kilichokusanya dozi ya wiki nzima. Mgonjwa anahitaji kula vizuri ili ayastahimili matibabu.

4. Usiache dawa uliyoandikiwa. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kwa mama mjamzito, matone ya vitamini A kwa mtoto, au vitamini aliyoandikiwa mtu kwa upungufu uliopimwa, hilo ni jambo jingine kabisa na lina faida yake.

Zima moto kwenye chanzo

Kwa sisi ambao hatujaugua, njia bora si kununua maji ya kuzimia, bali kuondoa kuni jikoni. Nyumba yoyote inaweza kuanza na haya:

Tumbaku. Moshi wa sigara umejaa radikali huru na sumu za saratani. Shisha ni vivyo hivyo, maji yale hayasafishi moshi. Ugoro na tumbaku ya kutafuna huchoma kinywa na koo. Na anayevuta ndani ya nyumba anawavutisha mkewe na watoto.

Tambuu. Hili tuliseme wazi, kwa kuwa limeingia katika mila zetu za pwani. Mwaka 2004 IARC ilichapisha uamuzi wake kwamba popoo, hata ikitafunwa bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Popoo ikichanganyika na chokaa kinywani hutoa oksijeni kali papo hapo, juu ya ngozi laini ya shavu. Mtafunaji ambaye kinywa kimeanza kukakamaa na kushindwa kufunguka vizuri, au mwenye doa jeupe au kidonda kisichopona kwa wiki tatu, asisubiri, aende hospitali.

Kichocho. Mtoto anayekojoa damu si kwamba "anakua", kama wanavyodhani baadhi ya watu. Apelekwe akapimwe, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Tusikojoe mitoni wala mabwawani, na tuwazuie watoto kuogelea katika maji yenye konokono wa kichocho.

Tumbo na ini. Maumivu ya tumbo yasiyoisha yapimwe, kwa kuwa bakteria wa tumbo hutibika kwa dawa za antibayotiki zikimezwa hadi mwisho. Watoto wapate chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwani virusi hivyo navyo huwasha moto wa miaka mingi katika ini.

Moshi wa jikoni. Pika mahali penye madirisha au nje, kausha kuni zako kabla ya kuziwasha, na usimbebe mtoto mgongoni karibu na moshi.

Mlo na mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, ambazo ni kama mafungu matano madogo. Mchicha wa bei nafuu sokoni unatosha kazi hiyo. Punguza unene, tembea kwa miguu. Mazoezi huongeza cheche kwa muda mfupi, kisha mwili hujibu kwa kuimarisha walinzi wake wenyewe.

Hitimisho

Ndugu msomaji, cheche hizi si adui mtupu wala rafiki mtupu. Zikiwa nyingi kwa muda mrefu huandaa njia ya saratani, lakini saratani ikishakuwepo, cheche hizo hizo zinaweza kuwa miongoni mwa vizuizi vinavyoizuia isisambae. Ndiyo maana kidonge kilichoonekana kuwa kinga kinaweza kugeuka mbolea.

Basi ukienda kumjulia hali mgonjwa, mpelekee machungwa. Mpelekee samaki wabichi, au nauli ya kwenda kliniki, maana wengi hukatisha matibabu kwa kukosa nauli tu. Na ikiwa kopo la vidonge limeshafika mezani, liwekeni kando hadi siku ya kumwona daktari, na lipelekeni pamoja na mgonjwa. Aliyelileta alikuwa na nia njema, na nia hiyo haitapotea mkilitumia swali lake kupata jibu sahihi.

Tunawaombea wagonjwa wetu wote shifaa. Tukutane tena juma lijalo, Inshaallah.